Madigadi ya Bati Jeusi

Matope ya Juba hayana adabu. Mvua ikinyesha asubuhi, barabara ya kutoka Hai Mauna kuelekea mtoni hugeuka uji mwekundu, na baiskeli isiyo na madigadi hukutandika uji huo mgongoni, mstari mmoja ulionyooka kuanzia makalioni hadi kisogoni. Gerishon alikuwa na baiskeli ya namna hiyo, ya gia nyingi, aliyoachiwa na Mzungu mmoja wa shirika alipomaliza mkataba. Mzungu yule aliiendesha jioni za kiangazi ili apunguze tumbo. Gerishon aliiendesha kwenda kazini masika yote, na kazi yenyewe ilikuwa ya shati jeupe.

Alikaa mapokezi katika hoteli moja ya makontena ukingoni mwa Nile, ukishapita Malakia. Meneja wake, Millicent, Mkenya mwenzake, alikuwa mtu wa maneno.

"Gerishon, mbele wewe ni karani, nyuma ni mkulima wa mpunga," alimwambia. "Wageni wakiwa hapa usigeuke."

Basi Gerishon akawa anazifuata funguo za vyumba ukutani kinyumenyume, huku akitabasamu, na wageni wakadhani ndiyo heshima ya Kikenya.

Lakini shati silo lililomleta Juba. Mwaka ule amani ya Sudan ilipotiwa sahihi na malori yakafunguliwa njia, mdogo wake Morris alidandia moja kama tanboi, yaani utingo, wa dereva aitwaye Wafula. Lori lilirudi Kenya, Morris hakurudi. Wafula alieleza kuwa kijana alishikwa na homa huku Juba, akamwacha mikononi mwa watu wa kanisa, na alipokuja na shehena nyingine akaambiwa wamekwisha mzika. Kaburi hakuonyeshwa. Aliyelijua alikuwa amehama, na waliobaki hawakulijua.

Kwao Bungoma, mtu akifia ugenini na mwili usipatikane, ukoo hukata mgomba, ukauvika nguo za marehemu na kuuzika, mambo yakaisha. Jael, mama yao, alikataa katakata. "Mgomba sikuuzaa mimi," aliwaambia shemeji zake. Tangu siku hiyo hakufunga tena komeo la mlango wake, usiku wala mchana, asije Morris akabisha akadhani hakuna mtu. Shemeji walivumilia mpaka wakachoka, na msimu huu walikuwa wametoa kauli: mvua zikiisha, mgomba unakatwa, atake asitake. Gerishon alikuwa Juba kwa hilo tu, ampate ndugu yake kabla ya mgomba, na ampelekee mama hata konzi moja ya udongo wa kaburi. Aliuliza makanisani, akauliza zahanati, akauliza madereva. Alichopata ni pole. Mvua zilikuwa zimefika katikati.

Madigadi alianza kutengeneza kwa jerikeni la njano. Alilipasua kwa kisu cha moto, akalikunja, akalifunga kwa waya chini ya kiti. Lilipendeza asubuhi moja. Jua la mchana lilipolipata likajipinda, likaanza kulamba tairi, likaimba wimbo wake hadi Nyakuron na huko likang'oka mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani. Akajaribu chupa za maji zilizokatwa na kuunganishwa, akachekwa na watoto. Ndipo akaamua kwenda kwa Gaetano.

Gaetano alikuwa Mganda aliyeuza vyuma chakavu Malakia: mabati ya zamani, rimu, madebe ya mafuta ya msaada yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Gerishon alimweleza anachotaka. Gaetano akafikiri, akaingia nyuma ya banda, akarudi na bati moja lililopakwa lami nzito pande zote mbili.

"Chukua hii," alisema. "Iko nyeusi, kutu haiwezi. Mimi nataka itoke hapa tu."

"Ina kasoro gani?"

"Haina kitu. Wewe peleka. Leta soda siku nyingine."

Gerishon alifurahi kupata cha bure, na mtu aliyefurahi haulizi mara mbili.

Jumapili baada ya kanisa alivua shati, akakaa uani kwake Mauna na kazi yake. Alipima tairi kwa uzi, akakata bati kwa mkasi wa fundi wa mabati aliouazima kwa jirani: kipande kipana cha nyuma, chembamba cha mbele. Alikilaza kipande cha nyuma juu ya bomba la kisima kibovu na kukigonga polepole kwa nyundo iliyofungwa tambara, hapa na pale, mpaka kikaanza kuukubali mviringo. Akakunja kingo zisije zikamkata. Mikono ya kukishikilia aliifanya kwa mbavu za mwavuli uliokufa, akaifunga kwenye ekseli kwa vipande vya tyubu, na chini kabisa akaning'iniza kandambili ya tairi iliyokatwa nusu, ya kuzuia matone yanayoruka chini. Akaacha nafasi ya kidole kati ya bati na tairi ili tope lisigande. Alipokuwa akigonga, alihisi chini ya lami vivimbe vidogovidogo vilivyopangana. Akadhani ni chapa ya debe. Akaimba pambio, akamaliza, akasimama mbali kidogo kuitazama kazi yake, na kusema kweli ilikuwa nzuri.

Mvua ya kwanza baada ya kazi ile ikaja Jumanne. Gerishon alitoka Mauna kifua mbele, akiyapiga madimbwi makusudi. Mgongo wake haukuwa na tope, au ndivyo alivyohisi. Kero moja tu: kutoka Nyakuron alianza kusikia sauti nyuma yake, ya kitu chepesi cha bati kikiburutwa chini, kwiri-kwiri, kwiri-kwiri. Alisimama, akashika madigadi, akaitikisa. Haikucheza. Akapanda tena, na sauti ikapanda naye, si kwenye gurudumu bali nyuma zaidi, hatua chache nyuma, pale ambapo mtu angekuwepo kama angekuwa anamfuata.

Penye kona ya Malakia palikuwa na mwanamke aliyeuza chai chini ya turubai. Gerishon alikuwa akimwona kila siku bila kumwona. Asubuhi hiyo mwanamke yule aliacha birika juu ya mkaa, akatoka kwenye mvua bila kujifunika kichwa, akasimama ukingoni mwa barabara. Hakumtazama Gerishon usoni. Aliinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza, na Gerishon alipopita macho yake yalibaki barabarani, nyuma ya baiskeli, yakisogea taratibu kukifuata kitu ambacho hakikuwepo. Gerishon alikanyaga pedali kwa nguvu zaidi, na hakujua ni kwa nini.

Hotelini, Millicent alimzunguka kama anayekagua gari la kununua.

"Umejitahidi. Mstari umeisha. Lakini nani amekuchora msalaba?"

"Msalaba gani?"

Alimwambia avue shati alione. Kati ya mabega palikuwa na nukta za tope jekundu, safi, kila moja na nafasi yake, na zote pamoja zilifanya msalaba mdogo. Millicent alicheka, kisha akaacha kucheka.

Gerishon alitoka kwenda kuikagua baiskeli. Alipopitisha kidole juu ya bati aliona pale mvua ilipoilainisha lami na tope likaisugua kutoka ndani, vitobo vya msumari vimefunguka. Tope lilikuwa likirushwa na tairi, likipenya vitobo na kumpata mgongoni. Jambo lenyewe lilielezeka. Lisiloelezeka ni kwamba tope la namna hiyo lilipaswa kutapakaa hovyo, kama tope lolote, na hili halikutapakaa. Lilikuwa limetulia kila nukta mahali pake.

Bati lenye msalaba wa msumari, kila mtu Juba alijua ni la nini. Watu waliokosa jiwe na saruji waliweka alama makaburini mwa wafu wao kwa mabati ya madebe. Gerishon aliondoa kidole juu ya bati. Alipaswa kuing'oa madigadi ile saa ileile. Hakuing'oa, na sababu yake ilikuwa moja: moyoni alikuwa ameshaanza kutumaini.

Mvua ya pili ilimkuta njiani siku mbili baadaye. Sauti ilikuja tena baada ya Nyakuron, kwiri-kwiri, na safari hii aligeuka haraka nusura aanguke. Barabara ilikuwa tupu, maji matupu yakitiririka. Mwanamke wa chai alikuwa amesimama palepale, kichwa upande, na midomo yake ilikuwa ikicheza kama anayemwambia mtu jambo la polepole. Hotelini Gerishon hakumsubiri Millicent. Aliingia msalani, akavua shati, akalitandaza. Chini ya msalaba palikuwa na lori. Lilikuwa na kichwa, bodi na magurudumu. Lilichorwa na mtu asiyejua kuchora, lakini aliyelijua lori.

Gerishon aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia. Nani mwingine Juba angechorewa lori juu ya kaburi lake kama si tanboi? Alimwona kwa mawazo mtu wa kanisa, au tanboi mwenzake, akichutama na msumari na jiwe, akimtobolea Morris lori lake la mwisho. Ndugu yake alikuwa amemsindikiza kwenda kazini mvuani, akimzuilia matope. Alilia kwa furaha, na furaha ile haikumwachia nafasi ya kuuliza neno lingine lolote.

Alimpigia mama yake papo hapo, shati likiwa mapajani.

"Mama, nimempata."

Upande wa pili kikombe kiliwekwa mezani. Kisha Jael akasema, "Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

"Rudia."

"Niko na hakika, mama."

Alimsikia akiweka simu chini, na kwa mbali akasikia kilio ambacho mama alikuwa amekizuia tangu lori la Wafula lirudi peke yake.

Mchana huohuo Gerishon alimbana Gaetano. Mganda alikwepa kwepa macho, akakiri. Kulikuwa na kiwanja pembezoni mwa Malakia, zamani makaburi, watu wakakigawana wajenge. Vibarua waling'oa mabati na kuyatupa rundo, na yeye akayaokota. Lile jeusi alikuwa ameling'oa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akalipaka lami kuficha vitobo.

"Ilikuwa imefungwa na waya kwa nondo, ngumu sana. Hiyo ndiyo nakumbuka. Iko kando ya kisiki ya mwarobaini." Akajipangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Ile siku nilileta hapa, mvua ilinyesha. Bibi yangu alisema nani anavuta debe nyuma ya nyumba. Hapakuwa mtu. Ndiyo sababu nilikupa wewe. Unisamehe."

"Hukunikosea," Gerishon alisema. "Umenipa ndugu yangu."

Walienda pamoja. Kiwanja kilikuwa kimesawazishwa, ardhi yote sawa, hujui wapi pana mtu na wapi hapana. Nondo fupi ilikuwa bado imesimama kando ya kisiki, na waya umening'inia. Gerishon alivua kofia, akasali, akachota udongo akajaza mkebe wa majani ya chai. Aliona kwamba mahali penyewe palikuwa padogo, lakini akajiambia mvua imekula kingo. Kesho yake alimkabidhi mkebe kondakta wa basi la Kampala, naye akaufikisha kwa mwenzake wa basi la Bungoma, na Jael akaupokea stendi akiwa amevaa nguo za kanisani.

Mazishi yalifanyika. Shemeji walikuja, mchungaji akaja, udongo wa mkebe ukalazwa chini ya mgomba ambao hakuna aliyeukata. Jioni ile Jael alipiga simu.

"Leo nimefunga komeo," alisema. "Nimechoka, mwanangu. Nadhani nitalala."

Gerishon aliiacha madigadi mahali pake. Angewezaje kuitoa? Aliipangusa kwa tambara kila jioni.

Mvua ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilimpokea mlangoni Mauna, ikamsindikiza mpaka mtoni. Alipopita Nyakuron alitega sikio, na hakusikia kitu. Ni mvua, mnyororo na pumzi yake tu. Akaona ni ishara njema, ndugu yake amefika nyumbani na ametulia. Alipofika kona ya Malakia mwanamke wa chai alikuwa tayari barabarani. Kichwa chake hakikuwa upande. Alitazama nyuma ya baiskeli, akatazama mbele, akatazama tena nyuma, kisha akaanza kukimbia akimfuata, sandali zikimtoka miguuni katika tope. Gerishon alikimbiza baiskeli kama mwizi.

"Wewe," Millicent alimwambia pale mapokezi, kwa sauti ya chini ambayo si yake. "Huyu mtoto ni nani?"

"Mtoto gani?"

Millicent alichukua simu yake, akampiga picha mgongoni, akamwonyesha. Msalaba ulikuwepo. Lori lilikuwepo. Ila sasa kutoka kwenye kichwa cha lori ilitoka safu ya nukta ndogondogo, ikipanda kwa mteremko, na ilipoishia palikuwa na mkono, na penye mkono palikuwa na mtu. Alikuwa na kichwa kikubwa na miguu mifupi. Lori lile lilimfika magotini. Safu ile ilikuwa kamba, na mtoto alikuwa akivuta kigari chake.

Gerishon alitazama picha ile mpaka kioo cha simu kikazima. Alikumbuka udogo wa mahali pale kando ya kisiki. Alimwaza mama yake katika nguo za kanisani. Millicent akamwambia aende nyumbani, hapa atakaa yeye, na hakutia utani wowote.

Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Alisukuma baiskeli kwa miguu. Alijua anakokwenda, na angependa kutofika. Mwanamke wa chai alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, tope hadi magotini, birika likichemka peke yake. Alipomwona alisimama.

"Ndugu yangu," alisema, kwa Kiswahili cha mtu aliyekaa kambi ya Kakuma miaka mingi, "umempeleka wapi?"

Gerishon alisimamisha baiskeli. Mwanamke akamzunguka, akaweka kiganja mgongoni mwake juu ya shati. Kidole chake kilifuata nukta, msalaba, gari, kamba, mtoto. Kiganja kilikuwa cha moto.

"Baba yake alitoboa hii," alisema. "Alitoboa siku nzima. Mimi naitwa Adut. Huyu ni Matiya wangu. Tulirudi kutoka kambi na amani, tukafika hapa, homa ikamchukua mvua ya kwanza tu. Gari alijitengenezea kwa mkebe ya samaki, miguu ni vifuniko vya soda. Nilikuwa namkataza kucheza kwa mvua. Mvua ikianza tu, ako nje na hiyo gari."

"Pole, dada."

"Baba yake pia ameenda. Siku moja nakuja pale, malesh, pole yangu, wamelimisha kaburi zote, mabati hakuna. Sijui hata mahali pa kusimama." Aliondoa kiganja. "Lakini mvua ikinyesha nilikuwa namsikia. Kwanza kule nyuma ya jiko yangu. Halafu ukaanza kupita na baiskeli, nikasikia anakufuata wewe. Nikasema sawa, anapenda baiskeli, acha atembee, saa ya kurudi atarudi. Mtoto wangu, nitamwogopa kwa nini? Leo umepita peke yako. Nauliza tu, umempeleka wapi?"

Gerishon angeweza kusema sijui. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, na lingemwachia mama yake komeo lake na usingizi wake. Aliliona jinsi lilivyokuwa rahisi, na akajichukia kwa kuliona. Akamwambia Adut yote: Morris, mgomba, mkebe wa majani ya chai.

"Kwenu ni mbali?" Adut aliuliza.

"Mbali. Ni Kenya, karibu na mlima."

"Hajui njia," Adut alisema. "Ni mtoto."

Walienda kiwanjani kwanza. Gerishon alifungua vipande vya tyubu kwa vidole, akaitoa madigadi, akaikanyaga juu ya kisiki mpaka ikanyooka kiasi, akaifunga kwenye nondo kwa waya uleule. Bati lilikuwa limebaki na umbo la mviringo kidogo na halikukubali kunyooka zaidi. Adut alichutama, akaweka mkono chini penye shimo alilochota Gerishon, akainamisha kichwa. Manyunyu yaligonga bati.

"Hayuko," alisema.

Simu ya Gerishon ikaanza kuita. Ilikuwa mama yake, na kabla hajasema halo Jael alikuwa ameshaanza, sauti nyepesi, ya mwanamke ambaye Gerishon hakumsikia tangu yeye na Morris wakiwa wadogo.

"Gerishon, utasema mama amezeeka. Lakini sioti, ni mchana huu. Mvua inanyesha hapa, na Morris yuko nje. Anazunguka nyumba akivuta kigari, vile alivyokuwa akifanya nikimchapa. Nimekuwa nikimsikia tangu jana. Nimemwekea chai dirishani. Sikiza."

Gerishon alikandamiza simu sikioni. Alisikia mvua juu ya mabati ya nyumba waliyozaliwa. Chini ya mvua, ikija na kupotea na kuja tena, akasikia kwiri-kwiri, kwiri-kwiri. Adut, aliyesimama mbali na simu, aliinua kichwa ghafla.

"Umesikia?" Jael aliuliza.

"Nimesikia, mama." Alimtazama Adut. "Mama, huyo si Morris. Nilikosea. Udongo ule ni wa mtoto wa wenyewe, na mama yake amesimama hapa mbele yangu."

Mvua ya Bungoma iliendelea, na kigari kikaendelea, mzunguko mmoja, wa pili. Gerishon alifumba macho. Alikuwa tayari kutukanwa, na angeshukuru.

"Anaitwa nani?" Jael aliuliza.

"Matiya."

"Ni mdogo?"

"Mdogo, mama."

"Ndiyo maana hakuigusa chai. Inachoma." Alisikika akiinuka. "Mimi nikimwita hatanijua. Mpe mama yake simu. Naipeleka hii nje kwenye mvua."

Adut alipokea simu kwa mikono miwili. Gerishon alimsikia mama yake akitembea, mlango wa jikoni ukilia, kisha mvua ikawa kubwa, mvua ya nje. Adut aliweka midomo karibu sana.

"Matiya," alisema. "Matiya, taal. Taal bet. Njoo nyumbani." Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anayeita mtoto aliye nyuma ya ukuta, chakula kikiwa tayari. "Acha kuzunguka hapo kwa watu. Umelowa. Vuta gari yako uje."

Kigari kilisikika kikikaribia simu, kikubwa, kikubwa zaidi, kikawa hapo kabisa. Kikasimama. Ilibaki mvua tu.

Adut alimrudishia Gerishon simu, akageuka kuondoka. Hakwenda haraka. Alitembea hatua ndogo ndogo kuelekea barabarani, akisimama kidogo kila baada ya muda, akingoja, kisha akiendelea, mkono mmoja ameuacha nyuma, vidole vimefunguka. Hakugeuka kutazama hata mara moja.

"Mama," Gerishon alisema. "Bado uko?"

"Niko."

"Nisamehe."

"Udongo nitaufukua kesho, nimpe yule kondakta. Waambie baba zako wadogo wakate huo mgomba wao. Nitauzika mbele ya watu, wasije wakasema nimekuwa kichaa." Alikuwa amerudi ndani, mvua imekuwa ndogo. Gerishon alimsikia akihema, akisogeza kikombe dirishani, akitembea tena.

Kisha, kabla simu haijakatika, akasikia chuma kikikwaruza mbao, taratibu, kikivutwa hadi mwisho. Mama yake alikuwa amefungua komeo la mlango wa mbele.